Kicha cha Nyasi Mpaka Jeddah

Mlioniuliza kwenye kundi letu la simu kwa nini mtu mwenye akili zake apande basi toka Riyadh mpaka Jeddah, mwezi wa nane, wakati ndege zimejaa angani, jibu ni hili hapa, na ni refu. Kama una haraka, kasome mambo mengine. Mimi haraka imeshanitia aibu mara moja na sitaki irudie.

Kwa nini nilipanda basi

Kijiji chetu kinaitwa Shauri Moja, na sijui siku hata moja ambayo kiliwahi kuwa na shauri moja. Kipo katikati ya mbuga. Ukipanda juu ya kichuguu unaona nyasi mpaka macho yachoke: hakuna mlima, hakuna mto wa maana, ni nyasi na upepo tu. Nyasi ndizo zinazolisha ng'ombe wetu, ndizo zilizoezeka nyumba zetu, na zikikauka ndizo zinazotukosesha usingizi kwa kuogopa moto.

Siku hizi nyumba nyingi ni za bati, lakini tumebakiza moja ya nyasi katikati ya kijiji, ndiyo ya mikutano. Kila baada ya mavuno kila kaya hupeleka mganda mmoja wa nyasi wa kuikarabati. Kuezeka huanza na mganda wa kaya iliyofika kwanza pale mbugani, ukafuata wa kaya ya pili, na kuendelea. Ukipeleka mganda wako kabla ya zamu yako unashushwa ngazini mbele ya watoto wako.

Mwaka huu tumepata zahanati, na mkutano ukaamua majina ya kaya saba za mwanzo yaandikwe kwa rangi ukutani pale mlangoni. Tangu zamani tunasema "kaya saba za Shauri Moja", kila mtoto anajua. Ilipofika kuzitaja, sita zilitajwa bila ubishi. Ya saba, mama yangu akasema ni ukoo wetu. Mama Kabula, jirani yetu, akasema ni ukoo wao.

Sasa lazima niwaeleze habari ya hawa wawili. Waliolewa Shauri Moja mwaka mmoja, na kwa zaidi ya miaka thelathini wamekwenda kukata nyasi pamoja. Mama hukata, Mama Kabula hufunga. Tangu mkutano ule wa mwezi wa nne hawajasalimiana. Mama alinipigia simu akaniambia mwaka huu kafunga mganda mwenyewe na umelegea kama mzigo wa mlevi. Aliisema kwa kucheka, lakini mimi ni mwanaye. Niliumia.

Shahidi aliyebaki ni mmoja tu, Mayu Milembe. Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Alifika pale mbugani akiwa mtoto, pamoja na kaya za mwanzo, akaondoka akiwa msichana, na amepika kwenye nyumba za watu Jeddah tangu sijazaliwa. Sasa amepumzika, anakaa mtaa wa Kandara, huko huko Jeddah, na binti yake ambaye ni muuguzi. Fundi wa rangi alishapangiwa Jumamosi. Nikampigia Mayu simu nikadhani nitamaliza kazi kwa dakika tano.

"Habari za kufika hazitolewi kwa simu," akasema. "Njoo. Na usije kwa ndege."

"Kwa nini, Mayu?"

"Ndege haina njia. Utakuja kunisimulia nini, mawingu?"

Kwetu mgeni haulizwi amefuata nini. Hupewa maji. Akishakunywa, hutoa njia: husimulia tangu alipotoka, alikopita, alichokula, aliyempa maji. Akimaliza, mwenyeji naye hutoa habari zake, na ndipo mgeni hutaja shida yake. Tena anayetumwa kwa jambo zito hubeba kicha cha nyasi kutoka paa la nyumba ya mikutano. Mama alishanitumia kicha hicho kwa mkono wa jirani aliyekuja kuanza kazi Riyadh, kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Nilikitia kabatini na nikakisahau mpaka siku ya kufunga mkoba. Mimi ni fundi wa lifti. Kazi yangu ni kuwafikisha watu juu bila wao kujua wamepita wapi, na mambo ya kutoa njia niliyaona ni ya watu wasio na saa.

Kutoka Sulimaniyah hadi kwenye basi

Alhamisi alfajiri, nikiwa nafunga viatu chumbani kwetu Sulimaniyah, hapa Riyadh, mwenzangu Otieno aliingia kutoka zamu ya ulinzi kule Olaya. Wengi mnamjua: Mkenya mrefu, mpole, mwenye maoni kuhusu kila kitu. Hakulala. Aliwasha jiko akaanza kukanda unga.

"Buda, si upande tu ndege? Ni kama lisaa limoja na nusu hivi."

"Kaniambia nisipande ndege."

"Sasa utakaa kwa bus siku mzima juu ya story ya nyasi?"

"Ndiyo."

"Haya. Beba chapati basi. Huko njiani watakuuzia vitu baridi."

Alizifunga nne kwenye karatasi ya fedha, nikazitia mfukoni na kutoka mbio, sikumbuki kama nilisema asante. Bosi wangu naye aliponipa ruhusa ya Alhamisi aliniuliza naenda kumwona nani Jeddah. Nikamwambia mama yangu. Akasema mama yako si yuko Tanzania? Nikasema huyu ni mama mwingine. Akasema yalla, nenda, lakini Jumapili uwe kazini.

Metro ilinishusha kusini mwa mji nikiwa na muda wa ziada, nikajipongeza. Basi liliondoka saa moja na nusu baada ya wakati wake, kwa sababu familia moja ilileta zulia ambalo halikuingia kwenye buti, na kila mwanamume stendi pale alikuwa na wazo lake la namna ya kulikunja. Hata mimi nilitoa wazo langu. Mwisho zulia lilipanda ndani na kulazwa kwenye njia ya katikati, na safari nzima tulilikanyaga tukiomba radhi.

Jangwani

Nje ya Riyadh nchi inakuwa tambarare, na moyo wangu ulishtuka kidogo, maana ni ile ile ya kwetu, ila kuna mtu amepita na kung'oa nyasi zote. Nilikula chapati mbili. Tairi likapasuka karibu na kituo kimoja cha mafuta, tukakaa pale saa tatu. Tuliswaga muda kwa wali wa kabsa tuliokula sita sahani moja, watu tusiojuana, kila mtu akisukuma nyama upande wa mwenzake kwa adabu hadi ikabaki katikati peke yake. Mwishowe mtoto wa wenye zulia aliichukua na sote tukapumua.

Tulipoondoka tena ndipo yalipotokea yale ambayo sikutaka kuyasimulia kwa mtu. Dereva, Mmisri mwenye sauti nene, alifunga breki kwa ajili ya ngamia. Mkoba wangu ukaanguka kutoka juu, zipu ikaachia, kile kipande cha khanga kikafunguka, na nyasi za Shauri Moja zikamwagika juu ya zulia.

Basi zima likainua shingo. Majani makavu, yamefungwa kwa siri ndani ya kitambaa, na mwenye mkoba anatoka Afrika Mashariki. Mtu mmoja nyuma akasema, "Gati." Mnajua wenyewe ni miraa hiyo, na mnajua hapa mtu akikutwa nayo anaishia wapi. Dereva akasimamisha basi pembeni, akaja, akasimama juu ya nyasi zangu mikono kiunoni.

"Nini hii?"

"Nyasi," nikasema.

"Za nini?"

Kiarabu changu ni cha kazini. Najua kusema kamba imekatika, mlango haufungi, bosi hayupo. Sikujua kusema kwamba hizi ni nyasi za kumpelekea bibi mmoja ili atuambie nani alifika kwanza kwenye mbuga. Nikasema, "Za nyumba." Akauliza nyumba gani. Nikaonyesha juu, nikimaanisha paa, wote wakatazama juu kwenye taa za basi. Dereva akatoa simu mfukoni. Nasema kweli, niliona ikama yangu, kile kibali cha kuishi hapa, na miaka yangu saba ya kazi vinakwenda na upepo.

Ndipo mzee mmoja Msudani aliyekuwa amekaa nyuma ya kiti cha dereva akainuka. Alikuwa na kilemba kikubwa na miguu ya mtu aliyetembea sana. Aliinama, akaokota majani matatu, akayanusa, akayatia mdomoni, akayatafuna taratibu. Dereva akamwambia, "Usile, mzee." Yeye akameza.

Jamani, basi zima lilikaa likimtazama kama atalewa. Nadhani ilikuwa dakika kumi. Mama mmoja alitoa hata kitambaa amfute jasho likianza kumtoka. Halikumtoka. Mwisho mzee akamgeukia dereva, akasema kwa utulivu kabisa, "Ng'ombe wa huyu kijana wanakula vizuri kuliko sisi."

Wakacheka mpaka basi likatikisika. Dereva naye akacheka, akarudisha simu mfukoni. Mzee alipiga magoti pamoja nami, tukaokota nyasi jani kwa jani, akazikusanya na kuzifunga yeye mwenyewe, kisha akanipa maji kwenye kikombe chake cha bati, kwa sababu chupa yangu ilikuwa imeviringika mbele. Akanikalisha karibu naye, akanipa tende. Kwao ni Kordofani, alikua akichunga kwenye mbuga, na sasa anatunza kondoo wa mtu fulani karibu na Taif. Tulizungumza habari za ng'ombe kwa saa mbili. Namna ya kumtambua dume atakayekuwa mkorofi, majani yanayoongeza maziwa, moto wa nyasi unavyoruka barabara. Kiarabu changu kilitosha kabisa, sijui kilitoka wapi.

Kisha nikasinzia. Nilipoamka tulikuwa tumeshapita Taif na kiti chake kilikuwa kitupu. Kwa kuwa tulikuwamo tusio Waislamu, na sisi haturuhusiwi kuingia Makka, basi lilizunguka kwa barabara ya nje, na usiku tukaingia Jeddah.

Kandara

Binti wa Mayu alikuwa amenielekeza kwamba nyumba yao ipo jirani na duka la mabegi. Kandara nzima ni duka la mabegi. Nilizunguka nikiuliza kwa kila muuzaji, kila mmoja akidhani nataka begi na ninaleta ujanja wa bei, hadi nikasikia sauti kutoka dirishani: "Masanja mwana wa Ng'hwaya! Acha kununua mabegi, panda juu." Ghorofa nne, hakuna lifti. Nilipofika nikihema, Mayu Milembe, mama mdogo wa umbo, mwenye ushungi wa kijani, alinipa maji, akanitazama nikinywa, akasema njia nitaitoa asubuhi nikiwa mtu tena.

Ijumaa asubuhi alitandika mkeka, akaketi, akakunja miguu, akasubiri. Nikatoa njia kama hivi:

"Nilitoka Riyadh alfajiri, Mayu. Basi lilichelewa kidogo, likapata pancha. Nikafika salama, nashukuru. Mama anakusalimu."

Akaendelea kusubiri. Nikaona nimemaliza, nikampa kile kicha. Alikishika kwa mikono miwili, akakinusa, na uso wake ukabadilika. Alikaa hivyo, kicha puani, machozi yakimtoka bila hata kuyafuta, na mimi nikatazama chini maana sikujua niweke wapi macho. Miaka yote hiyo Jeddah, na hapo alikuwa nyumbani.

Kisha akakigeuza. Akakisogeza karibu na dirisha.

"Nani alifunga fundo hili?"

"Mama."

"Siyo. Sisi tunarudisha ncha ndani, fundo lisishike nguo. Hili ncha zipo nje. Mtu huyu anafunga kwa kufungua haraka, kama mfunga ndama." Akakiweka kicha juu ya mkeka kati yetu. "Kuna mtu umemwacha njiani, mwanangu."

Nilijaribu kupunguza maneno. Nikasema kulikuwa na tatizo dogo la mkoba. Yeye akasema, "Bila njia, mafi habari," yaani hakuna habari, akainuka kwenda jikoni, na ndani ya dakika moja nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni nikitoa njia yote: zulia, kabsa, ngamia, gati, dereva na simu yake. Nilipofika pale mzee anapokula nyasi, Mayu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, "Anaitwa nani?"

"Sikumwuliza."

"Saa mbili mmezungumza ng'ombe."

"Ndiyo, Mayu."

"Na mwanzoni ulimruka kwa nini?"

"Niliona aibu," nikasema. "Watu walinitazama kama mhalifu."

"Ehe," akasema, na akaendelea kusonga ugali. "Na asubuhi ya kuondoka ulikula nini?" Nikakumbuka chapati. Nikakumbuka pia kwamba sikuzitaja hata mara ya pili. Alinitazama tu akiwa ameshika mwiko.

Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda wa bamia, chakula cha kwetu kilichopikwa kwa vitu vya soko la Kandara, na sijala kitu kitamu kama hicho tangu niondoke nyumbani. Baada ya kunawa, yeye ndiye akatoa njia yake.

"Tulikuwa kaya sita," akasema. "Mimi nilikuwa wa miaka minane hivi, nusu ya njia nimebebwa. Maji yaliisha jana yake. Wakubwa wanagombana, turudi au tuendelee. Tukaona moshi. Kwenda, tukakuta nyumba moja ya nyasi na mwanamke mmoja, mjane, ng'ombe wake wawili. Anaitwa Minza. Hakutuuliza tumefuata nini. Alitoa maji, watoto kwanza. Kisha akakaa chini akasubiri tumwambie tulikopita. Usiku ule wazee wetu walitoa njia mpaka wakalia. Hiyo desturi mnayoringia, ni ya kwake. Na ile nyumba ya mikutano mnayoigombania kwa miganda, unadhani ilikuwa ya nani?"

Nimepanda juu ya paa lile tangu nikiwa kijana.

"Sasa kijiji kikakua," akaendelea. "Wazee wakaona haya kusema walifika wakiomba maji kwa mjane. Wakasema kisima walichimba wenyewe. Kwanza waliruka jina lake, baadaye wakaruka nyumba yake. Wakabaki na saba yao mdomoni, na wa saba hawamjui. Mimi nilikaa kwake miaka miwili nikimsagia. Alinifunga nywele kwa mkono wake. Mkiandika ukuta bila Minza, futeni na jina la baba yangu."

Nikauliza kile kilichonileta. "Na babu yangu?"

"Alikuja mvua ya pili. Kwa mkokoteni."

"Mkokoteni wetu," nikasema. Hadithi hiyo nimekua nayo: babu alifika kwa mkokoteni wake mwenyewe.

"Wenu, naam. Na ng'ombe walioukokota?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaanza kucheka peke yangu. Mama Kabula husema siku zote kwamba babu yao alifika na ng'ombe wake mwenyewe. Mkokoteni wa kwetu, ng'ombe wa kwao. Walifika siku moja, kwenye mkokoteni mmoja, wa nane wote wawili, na kwa miaka yote kila ukoo ulisimulia nusu yake. Sitawadanganya, niliumia pia kidogo. Nilitaka sana tuwe sisi. Nilishajiona nikipiga picha kwenye ukuta ule.

Simu, kutoka mkekani

Saa za Jeddah na za kwetu ni zile zile, na alasiri ile mama alikuwa uani anapepeta. Mayu alikuwa amekaa pembeni yangu, simu katikati kwa sauti ya juu.

"Umefika? Amesemaje?" mama akauliza.

"Habari ninayo," nikasema. "Lakini siitoi mpaka uwe kwa Mama Kabula."

Kuku wakalia.

"Masanja, usinifanyie hivyo."

"Bila yeye, mafi habari." Mayu akanipiga paja kwa furaha.

Nilimsikia mama akitua ungo. Nilisikia kandambili zake, kisha nyasi zikimgusa nguo, pumzi yake, mtu akimsalimu njiani na yeye akiitikia kwa haraka. Mbwa wa akina Kabula alianza kubweka akaacha, kwa kuwa anamjua. Kisha nikasikia, "Hodi," kwa sauti ndogo ambayo siijui kwa mama yangu.

Nilibana simu mpaka vidole vikaniuma.

"Karibu," akasema Mama Kabula. "Kaa. Nikuletee maji."

Maji yalichotwa, tuliyasikia. Mama akanywa. Kisha, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, akatoa njia: "Nimetoka nyumbani, nimepita kwa mwalimu, nimefika."

"Umeruka miezi minne," Mama Kabula akamwambia.

Sijui nani alianza, lakini baada ya hapo zilisikika sauti mbili za kulia na kucheka kwa pamoja, na Mayu Milembe huku Kandara akawafuata, na mimi ni mwanamume mzima fundi wa lifti na sikubaki nyuma. Walipotulia niliwapa habari yote, toka chapati hadi Minza. Kwenye mkokoteni walipiga vigelegele. Mama Kabula akasema fundi haandiki herufi kesho kabla ya wao wawili kufika pale na kiti cha kukalia.

"Na yule mzee aliyekupa maji," akauliza Mama Kabula, "ndiye nani?"

"Sijui jina lake, mama."

"Mtafute, mwanangu."

Kurudi

Jumamosi asubuhi, stendi ya Jeddah, dereva alikuwa yule yule Mmisri. Aliponiona alifungua mikono. "Abu nyasi! Leo umebeba nini, shamba?" Nilikuwa nimebeba kopo la achari na kisamvu kikavu, vyote kutoka kwa Mayu, na nilimfungulia mkoba mwenyewe kabla hajaomba.

Nikamwuliza habari za mzee wa Kordofani. Akasema huyo hupanda kila mwezi kupeleka dawa za kondoo, na huketi nyuma yake siku zote kwa kuwa anapenda kuona njia.

"Anaitwa Idris," akasema. "Ami Idris. Na yeye aliniuliza wewe nani, wakati anashuka. Alitaka nikuamshe akuulize mwenyewe, kisha akasema acha alale. Nikamwambia sijui jina lake, ni yule wa nyasi."

Nikamwambia naitwa Masanja, amfikishie. Alilirudia mara tatu mpaka likakaa vizuri mdomoni, na nikamwomba na lake. Anaitwa Sobhi.

Mahali fulani katikati ya jangwa simu ilipata mtandao, picha ikaingia. Ukuta wa zahanati, rangi ya bluu. Juu kabisa, peke yake: MINZA. Chini yake kaya sita. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanwa kwa sababu nafasi ilikuwa imeisha, majina mawili ya koo mstari mmoja. Kwenye kona ya picha mama na Mama Kabula wamekaa kwenye kiti kimoja, wameshikilia mganda wa nyasi. Nilikuza picha nitazame fundo. Ncha ziko ndani.

Nyumbani, Sulimaniyah

Nilipoingia Otieno alikuwa jikoni anajiandaa kwenda zamu.

"Buda, umerudi. Safari ilikuwa aje?"

Siku zote namjibu poa tu, na yeye huniambia sawa, na kila mtu anaendelea na lake. Safari hii nikamwambia azime jiko akae.

"Kwani ni story ndefu?"

"Ndefu."

Alizima jiko. Akanichotea maji bila kujua anafanya nini, nikayanywa yote, nikaketi mbele yake sakafuni.

"Alhamisi alfajiri," nikaanza, "nikiwa bado nafunga viatu, aliingia Otieno kutoka zamu. Alikuwa hajalala. Akanipikia chapati nne."

Akanitazama.

"Hiyo pia unaweka?"

"Ndipo inapoanzia," nikamwambia.